Deni la Foreman

Manzese, Dar es Salaam
6 Aprili 2025

Kwako somo yangu,

Salaam aleikum. Sisi huku hatujambo, Idd tumeila salama. Mama watoto anakusalimu sana, na anauliza ile achari ya maembe uliyoahidi kuituma na basi kutoka Mombasa imeishia wapi.

Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Idd Mosi nilikupigia tupeane mkono wa sikukuu, mara tukawa tumefika kwa George Foreman, yule bondia, ukapaza sauti, nikapaza yangu, mpaka salio likaisha. Neno lako la mwisho limenikaa: "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Tangu mzee yule afariki, tarehe 21 Machi, nimekuwa nikirudia usiku picha za pambano la Kinshasa, alipovuliwa taji la dunia na Muhammad Ali, vijana wakishaondoka klabuni, na kila nikirudia nazidi kusimama palepale niliposimama tangu tukiwa barobaro. Muhammad Ali alikuwa na deni la marudiano kwa George Foreman, na hakulilipa; wewe unasema hakuwa na deni lolote. Leo nisikilize mpaka mwisho, halafu ujibu kwa barua na wewe.

Unaikumbuka siku yenyewe, 30 Oktoba 1974. Kule Kinshasa ilikuwa saa kumi alfajiri, walipanga hivyo ili Wamarekani waangalie usiku wa kwao. Huku kwetu ilikuwa saa kumi na mbili, tunavaa kaptura za shule. Habari ilipofika redioni, marehemu baba yako alitoka barazani na povu la sabuni usoni, shavu moja kalinyoa na la pili bado, akawa anapiga kelele "Ali! Ali!" kama aliyezaliwa mwanawe. Siku hiyo hakuna mtoto mtaani kwetu aliyemwonea huruma Foreman, hata mimi. Tulimwona kama jini lililoondolewa.

Sasa mimi ni mtu mzima, nafundisha ngumi, na ninapotazama picha zile namwona pia huyo anayeanguka. Kijana wa miaka 25, mapambano 40 bila kupoteza, 37 kayamaliza kwa KO, kabla ya raundi kwisha. Raundi ya kwanza Ali anatoka kona anampiga mkono wa kulia moja kwa moja usoni bila kutanguliza wa kushoto, jambo ambalo kwa bingwa wa dunia ni dharau, maana mkono huo una safari ndefu na bondia mzuri anauona unakuja. Foreman akaghadhibika. Raundi ya pili Ali akaegemea kamba, viwiko mbavuni, glavu usoni, akamwacha apige. Wewe unajua hali ya kupiga mtu aliyeegemea kamba: kila ngumi unaona kama ndiyo ya mwisho, kwa hiyo unaitupa yote. Mwanafunzi wangu mmoja nilimwekea hivyohivyo wiki iliyopita, nikamwambia piga pedi mimi nikiwa nimeegemea kamba, usipumzike. Baada ya dakika mbili mikono yake ilikuwa inaning'inia kama nguo mbichi. Foreman alifanya kazi hiyo raundi saba, kwenye joto la Kinshasa. Ya nane, sekunde zikiwa zimebaki chache, Ali akatoka kwenye kamba, kushoto, kulia, na Foreman akazunguka akienda chini taratibu. Tazama vizuri hapo, somo: Ali ana konde jingine tayari mkono wa kulia, anamzunguka naye akianguka, na halitupi. Analizuia. Mimi nikifika hapo huwa nasimamisha picha.

Ndiyo, baada ya hapo Foreman alisema mengi. Kamba zililegea, mwamuzi alihesabu haraka, maji ya kunywa yalitiwa dawa. Hapo methali yako inamfaa kabisa, na yeye mwenyewe miaka ya baadaye alikiri kwamba alipigwa tu. Lakini maneno ya mtu aliyeumia hayafuti haki yake. Bingwa aliyevuliwa taji ana haki ya kuitwa tena kabla ya wengine. Na Ali aliijua haki hiyo vizuri, kwa sababu mwaka 1964 alimnyang'anya Sonny Liston taji na mwaka uliofuata akampa marudiano. Liston, ambaye alibaki kwenye kiti raundi ya saba ikigongewa kengele! Kama Liston alistahili, Foreman alikosa nini?

Najua jibu lako, umelisema miaka arobaini: Joe Frazier, hasimu mkubwa wa Ali. Frazier alimshinda Ali tarehe 8 Machi 1971 pale Madison Square Garden, akamwangusha raundi ya 15. Januari 1974 Ali akalipa kwa pointi. Kila mmoja kashinda mara moja, lazima wakutane mara ya tatu wamalize. Na wakamalizana Manila, 1 Oktoba 1975, na dunia yote inasema hilo ndilo pambano kubwa kuliko yote.

Sibishi ukubwa wake. Nabisha foleni. Kati ya pambano lao la kwanza na la pili kulikuwa na usiku wa Kingston, Jamaica, Januari 1973, Foreman alipomwangusha Frazier mara sita ndani ya raundi mbili. Mkanda ulipita mikononi mwa Foreman kabla ya kufika kwa Ali. Ugomvi wa Ali na Frazier ulikuwa wa watu wawili. Wa Ali na Foreman ulikuwa wa taji. Na ule ugomvi wa watu wawili Ali aliuharibu mwenyewe kwa mdomo, alipotembea na kisokwe cha mpira mfukoni akimwita mwenzake sokwe mbele ya waandishi. Nampenda Ali kama unavyompenda, lakini hilo sikumsamehe. Frazier alikaa nalo moyoni mpaka uzeeni.

Halafu kuna jambo la kiufundi ambalo kwenye simu hukuniacha nilimalize. Wewe unasema Foreman angemuua Ali mara ya pili. Mimi nasema kwa mwili wa Ali wa mwaka 1975, kati ya Frazier, Ken Norton (bondia mwingine aliyemsumbua) na Foreman, mwenye gharama ndogo alikuwa Foreman. Foreman anapiga kwa nguvu zaidi, sawa, lakini ngumi zake zinazunguka kwa mbali, unaziona zikija, na pumzi yake ina mwisho. Frazier anaingia chini, kichwa kifuani mwako, kushoto kwake kunatoka usipopaona, na haachi. Bondia ambaye miguu imeanza kumwacha anaumizwa zaidi na mtu asiyerudi nyuma kuliko na mtu mwenye ngumi nzito. Tazama Manila ile saa ya asubuhi, joto limejaa ukumbini. Raundi 14. Macho ya Frazier yamefumba mpaka Eddie Futch, kocha wake, akamzuia asitoke kwa ya 15, na Ali mwenyewe akasema baadaye kwamba pale alikaribia kufa. Wote wawili waliacha kitu Manila ambacho hawakukipata tena. Laiti mwezi Machi 1975, badala ya kumpa nafasi Chuck Wepner, angemwita Foreman, naamini angemshinda tena, maana Foreman alikuwa amevunjika moyo. Unakumbuka alivyofanya Aprili ile, Toronto, kupigana na watu watano usiku mmoja, na Ali amekaa kando ya ulingo akimzomea? Yule si mtu aliyetulia. Yule ni mtu anayetafuta njia ya kurudi mlangoni.

Basi tuseme 1975 imepita. Twende 1976, hapo ndipo sioni utetezi kabisa. Januari Foreman anamtoa Ron Lyle raundi ya tano, baada ya yeye mwenyewe kuangushwa mara mbili. Tarehe 15 Juni anakutana tena na Frazier pale Uniondale, New York, anamtoa raundi ya tano. Amemaliza kila kitu alichotakiwa kufanya. Na bingwa yuko wapi? Siku kumi na moja baadaye, 26 Juni, bingwa yuko Tokyo, na mcheza mieleka Antonio Inoki amelala chali akimpiga mateke ya miguu raundi kumi na tano. Miguu ya Ali ikavimba mpaka akalazwa hospitali. Ile ndiyo miguu iliyokuwa ikipaa, somo! Sikiliza tarehe hizo mbili kisha uniambie tena kwamba Foreman hakustahili.

Norton simsahau. Alimvunja Ali taya San Diego mwaka 1973, akapoteza la pili kwa tofauti ndogo ya majaji, na pambano lao la tatu, Yankee Stadium, Septemba 1976, mimi nampa Norton, na wengi wanampa yeye. Aliondoka ulingoni akilia. Alistahili nafasi ile, naikubali. Lakini baada ya Foreman.

Na Machi 1977 Foreman akapigwa kwa pointi na Jimmy Young, San Juan, akaingia chumba cha kubadilishia nguo, akatoka humo mtu mwingine, akaacha ngumi akawa mhubiri. Deni likaishia hapo, maana mdai alikwishaondoka.

Hoja yangu kubwa nimeiweka hapa, kwa sababu nataka uisome taratibu. Februari 1978 Ali alinyang'anywa taji na Leon Spinks, kijana aliyekuwa kwenye pambano la nane tu la kulipwa. Spinks akawa na njia mbili: Norton, ambaye WBC, moja ya mashirika yanayotoa mikanda ya dunia, walimtaka apigane naye, au marudiano na Ali. Akamchagua Ali. WBC wakamvua mkanda wao kwa uamuzi huo. Septemba, New Orleans, Ali akashinda, akawa bingwa mara tatu. Yaani ule utukufu wa mwisho wa Ali tunaoupigia makofi mimi na wewe ulinunuliwa na kijana wa watu kwa mkanda wake, ili ampe Ali kitu ambacho Ali hakumpa Foreman. Dawa ya deni kulipa. Spinks alilipa lisilokuwa lake.

Wewe unajua kwa nini jambo hili linaniuma. Ulikuwa konani kwangu mwaka 1986, ulishika ndoo na taulo. Tuliposhindwa kwa pointi, viongozi wa klabu ya yule kijana walitupa mkono, wakaahidi marudiano baada ya miezi mitatu. Ikawa sita. Ikawa kijana ana mafua, ikawa ukumbi haupatikani, mwisho akapanda uzito na mimi nikabaki nafunga bandeji za wenzangu. Sikuwahi kusema kwamba ningeshinda. Nilitaka kengele igongwe tena tu. Miaka karibu arobaini, na bado usiku mwingine naipigana raundi ya tatu kitandani, nikiushusha mkono wangu wa kushoto uleule niliokosea kuushusha.

Foreman alikuwa na bahati ya kurudi kwa mlango mwingine. Novemba 1994, umri miaka 45, akapanda ulingoni Las Vegas na bukta nyekundu aliyoivaa Kinshasa, akamtoa bingwa Michael Moorer raundi ya kumi. Na nani alikuwa kwenye kona yake? Angelo Dundee, yuleyule aliyekuwa kona ya Ali miaka ishirini nyuma. Na mwaka 1997, filamu ya pambano lao ilipopata tuzo Hollywood, Ali mikono ikitetemeka, ni Foreman aliyemshika kumpandisha ngazi za jukwaa. Walipendana mpaka mwisho. Hilo nalijua, usije ukaliandika kama jibu. Mtu anaweza kukusamehe deni na bado lilikuwa deni.

Sasa sababu nyingine ya barua hii. Yule kijana wangu wa kilo 63, uliyemwona alipokuja Mombasa, ameshinda mkanda mwezi Februari. Wawili wanataka marudiano. Mmoja ndiye aliyevuliwa mkanda huo, anapiga kwa nguvu na anatisha. Wa pili aliwahi kumshinda kijana wangu miaka miwili iliyopita, ana mashabiki wengi, na promota anaona huyo ndiye atakayejaza ukumbi. Kijana mwenyewe anamtaka wa pili, anataka kufuta aibu. Nimemwambia aanze na yule aliyemvua, ndani ya mwaka huu, kisha huyo mwingine. Amenyamaza, anapiga begi tu. Anakuheshimu wewe kuliko anavyoniheshimu mimi kwa mambo ya kona, na promota anataka jibu kabla ya mwisho wa Aprili. Mpigie, au andika naye umweleze unavyoona. Kama utamwambia kama ulivyoniambia Idd Mosi, mwambie, lakini kwanza angalia tena zile picha za raundi ya nane, pale ninaposimamisha.

Salamu kwa shemeji na watoto wote. Ukituma achari, mpe kondakta namba yangu.

Ni mimi, somo yako.