Nairobi hadi New York si safari ya saa saba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe makala ya usafiri iliyotoka katika gazeti lako wiki iliyopita, ambayo ilieleza kwamba ndege inayotoka Nairobi moja kwa moja hadi New York hutumia saa saba. Nadhani najua mwandishi alizipata wapi. Tiketi ikionyesha kuondoka 23:25 na kutua 06:25, yaani saa tano na dakika 25 usiku na saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi, ni rahisi kutoa moja kwa nyingine na kusahau kwamba kila saa iliyoandikwa ni ya mji husika, na kwamba wakati wa baridi New York huwa nyuma yetu kwa saa nane. Ukiziongeza hizo nane unapata saa 15, na ndizo abiria anazokaa kitini.

Umbali peke yake ungetosha kumshtua. Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi ule wa John F. Kennedy ni kilomita 11,800 hivi kwa njia iliyo fupi kabisa, inayokata Sahara kuelekea kaskazini-magharibi kabla ya kuingia Atlantiki. Boeing 787, ambayo Kenya Airways ilianza kuirusha katika njia hiyo Oktoba 2018, huenda karibu kilomita 900 kwa saa. Kuumaliza mwendo huo kwa saa saba kungehitaji ndege inayoishinda sauti kwa kasi, na Concorde, ndege ya abiria iliyoweza hivyo, ilikwisha pumzishwa tangu 2003.

Wakati wa kurudi hesabu hiyo hiyo hupotosha kwa upande wa pili: anayeondoka New York saa sita na nusu mchana akafika Nairobi saa tano asubuhi ya kesho yake ataonekana amesafiri saa 22 na nusu, ilhali alikuwa safarini saa 14 na nusu, tena pepo za juu zinazovuma kutoka magharibi zikiisukuma ndege badala ya kuipinga kama zilivyofanya wakati wa kwenda.

Silalamiki kwa sababu ya hesabu tu. Mama yangu mdogo, ambaye ana presha na kisukari, aliambiwa na wakala aliyemkatia tiketi kwamba ni “saa saba tu, mama, utalala na kuamka.” Akabeba mkobani dawa za usiku mmoja, nyingine zote akazifungia ndani ya sanduku lililoingia tumboni mwa ndege. Alipokewa na bintiye akiwa amevimba miguu hata viatu vimekataa kuingia, na dawa za asubuhi hakuzigusa mpaka sanduku lilipotoka.

Kwa hiyo naomba gazeti lako, kila linapoandika habari za safari za mbali, litaje jumla ya saa za kwenda na za kurudi kando ya saa za kuondoka na kufika.

Msomaji wako,
Mombasa