Orodha ya watu iandikwe kabla chanjo haijafika

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalosahaulika kila yanapotajwa maandalizi ya janga lijalo. Tangu Baraza la Afya Duniani lipitishe mkataba wa kukabiliana na majanga ya magonjwa, Mei 2025, nimesoma mengi kuhusu viwanda vya chanjo, majokofu na mgawanyo wa dozi baina ya nchi tajiri na maskini. Yote hayo ni ya lazima. Lakini mimi ni muuguzi mstaafu, sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa chanjo za watoto, na wakati wa UVIKO-19 niliombwa nirudi kusaidia kituo cha chanjo cha mtaa ninaoishi. Pale nilishuhudia jinsi chanjo inavyoweza kuvuka bahari ikiwa salama ndani ya barafu, kisha ikaharibikia mezani kwa sababu tu hakuna anayejua nani aitwe.

Wengi hawajui kichupa cha chanjo kinavyofanya kazi. Cha AstraZeneca kilikuwa na dozi 10. Cha Pfizer mwanzoni kilihesabiwa dozi 5, baadaye 6, kwa kutumia mabomba ya sindano yasiyobakiza dawa ndani. Ukishatoboa kizibo kwa mara ya kwanza una muda wa saa 6 tu. Ukipita, kilichobaki ni cha kutupa, hata kama kwa macho hakina kasoro. Kwa hiyo kila jioni mchanjaji anakutana na swali lilelile. Amebaki mtu mmoja kwenye benchi: nimfungulie kichupa kipya, au nimwambie aje kesho? Ukimrudisha, huenda usimwone tena. Ukifungua, umebaki na dozi 9 zinazotafuta mabega.

Kituo chetu kilikuwa na dawa ya tatizo hilo, nayo ilikuwa daftari. Msimamizi wetu aliandika humo majina ya watu wa karibu waliokwisha kukubali kuchanjwa na wanaoweza kufika mara moja wakiitwa: walinzi wa usiku, walimu, mafundi, wauza maduka. Siku moja jua likielekea kuzama, kijana wetu wa kujitolea alikaa na simu akawapigia mmoja mmoja. "Mzee wangu, uko karibu? Kuna dozi yako hapa, lakini haitangoja kesho." Fundi cherehani alifika anahema, futi ya kupimia ingali shingoni. Akachanjwa, akakaa zile dakika 15 za uangalizi, na kabla hazijaisha akauliza kama anaweza kumwita mkewe naye aje. Kichupa kile kilikwisha chote.

Kituo kingine, ambacho sitakitaja, hakikuwa na daftari la namna hiyo. Dozi zilizobaki zilitupwa, na asubuhi ya siku hiyohiyo watu walikuwa wamerudishwa getini kwa kuwa hawakujiandikisha kwa simu. Utaratibu ulifuatwa neno kwa neno. Lakini waliorudishwa walikuwa ni wazee wasio na simu za kisasa, yaani hasa wale ambao chanjo ililetwa kwa ajili yao. Hilo liliniuma na linaniuma mpaka leo.

Suala hili haliishii kwenye kituo kimoja. Mei 2021 Malawi iliteketeza dozi 19,610 zilizokwisha muda wake. Shehena ilikuwa imefika ikiwa imebakiza wiki chache tu, na sehemu kubwa yake ilitumika kabla muda haujaisha, kwa hiyo siwalaumu wauguzi wa huko hata kidogo. Ninachosema ni kwamba katika janga shehena za namna hiyo zitakuja tena, na chanjo iliyobakiza wiki tatu haikupi nafasi ya kuanza kuuliza nani anaishi wapi.

Kuna na wale wasioweza kufika kituoni kabisa. Simu haiwajui, na mara nyingi hata rejista ya zahanati haiwajui. Wanaowajua ni majirani, viongozi wa dini na wale wanaotunza wagonjwa majumbani. Kwetu walikaa pamoja wakataja nyumba baada ya nyumba, nasi tukaenda na kisanduku cha baridi begani. Nyumba moja tulimkuta mama mzee aliyepooza upande mmoja. Akaniambia, "Mwanangu, mimi siendi popote, huo ugonjwa utanikuta wapi?" Nikamjibu, "Mama, wewe huendi popote, lakini wanaokulisha na kukuogesha wanatoka kila siku." Alinyamaza, akamtazama mjukuu wake, kisha akamwambia ampandishe mkono wa gauni. Mazungumzo kama hayo hayawezi kufanywa na gari la matangazo.

Tena tuache kuwatukana wanaoogopa. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa maambukizi ya kawaida, Ali Maow Maalin, alikuwa mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, mwaka 1977. Alifanya kazi hospitalini na hata hivyo alikuwa ameikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu ya sindano. Alipona. Miaka mingi baadaye alijitolea katika kampeni ya kutokomeza polio nchini mwake, akiwasimulia wazazi yaliyomkuta yeye mwenyewe, na alifariki 2013 akiwa bado katika kazi hiyo. Kama hofu ilimpata mtu aliyekuwa ndani ya hospitali, itakosaje kumpata aliye nje?

Dawa ya hofu hiyo ni kujibiwa ukweli. Mwenye shinikizo la damu anataka kujua kama inamfaa. Mjamzito anataka kujua. Ajibiwe na mtu anayemjua, na aelezwe mapema kwamba bega litauma na huenda akapata homa siku moja au mbili. Aliyeambiwa, homa ikija anasema, "Walinieleza." Asiyeambiwa anasema, "Wameniua," na mtaa mzima unasikia kabla ya magharibi.

Ombi langu kwa wanaosimamia afya katika ngazi za chini ni kwamba orodha hizi ziandikwe sasa, wakati hakuna janga, na zipitiwe kila mwaka kwa sababu watu huhama, huzaa na hufa. Kila kituo kiwe na majina ya wasioweza kutoka nyumbani na jina la mtu atakayewafungulia mlango. Daftari la akiba la watu wa kuitwa jioni litafunguliwa chanjo ikishafika, lakini ijulikane leo ni nani atakayelishika. Majina hayo yabaki mikononi mwa watoa huduma za afya peke yao. Yakianza kuombwa na wanasiasa au wakusanya kodi, watu watayaficha, na watakuwa na haki ya kufanya hivyo.

Na vijana wanaojitolea walipwe. Yule aliyekuwa akipiga simu alitumia simu yake na salio lake mwenyewe, na posho aliyoahidiwa haikufika mpaka kituo kikafungwa. Akiitwa tena atasita, nami sitakuwa na cha kumwambia. Katika bajeti za maandalizi ya majanga ninazozisikia zikisomwa, fungu la majokofu lipo. Naomba na fungu la watu hawa lionekane humo, kwa jina lake na kiasi chake.

Muuguzi mstaafu
(Jina limehifadhiwa)