Theluji ya milima isipakwe rangi nyeupe

Mhariri,

Makala yenu kuhusu kuchora milima kwa rangi za maji imewashauri wanafunzi wa skuli wamalizie kilele kwa rangi nyeupe. Tunaomba ushauri huo urekebishwe. Rangi za maji hupitisha mwanga, na weupe wake ni karatasi yenyewe. Nyeupe nzito ikiwekwa juu huzima mwanga huo, na bluu ya chini ikilowa tena hupanda ikaichafua.

Waingereza waliochora Alpi, milima ya theluji ya Ulaya, walilijua hili. Francis Towne, aliyepita huko mwaka 1781, alichora mistari kwa kalamu, kisha akajaza rangi nyepesi, iliyo sawa kote. Mwenzake Turner, katika picha ya mlima Rigi wa Uswisi ya mwaka 1842, alikwangua rangi iliyokwisha kauka hadi weupe wa karatasi ukatokea pale alipotaka mng'aro. Anayeanza amfuate Towne. Kukwangua kunataka karatasi nene ya gramu 300 kwa mita mraba, nyembamba huchanika.

Rangi ya mbingu ichanganywe nyingi, maana ikiisha katikati huacha mstari usiofutika. Ubao uinamishwe kidogo, brashi ianzie juu, na ikifika kwenye theluji ipite pembeni. Milima ya mbali ifuate kwa bluu hafifu, ya karibu iwe ya mwisho na nzito. Vilima vya mikarafuu hapa Pemba vinatosha kwa zoezi hili: kila kilima cha nyuma huzidi ubluu na kupungua ukijani.

Adui mkubwa visiwani ni unyevu. Wakati wa masika rangi hukawia kukauka. Brashi yenye maji ikigusa rangi iliyo nusu kavu, maji huisukuma pembeni, likabaki doa lenye kingo za menomeno. Gusa karatasi kwa mgongo wa kidole; ikiwa baridi, subiri. Kuvu nayo hula jelatini inayoizuia karatasi isinywe maji. Jaribu kwa maji safi kwenye kona: yakizama kwa madoadoa ya kiza, karatasi hiyo ibaki ya penseli. Karatasi ambazo bado ni nzima zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa.

Na bluu ya nili isinunuliwe. Wachoraji wa zama za Turner waliitumia sana, mwanga ukaila, na baadhi ya mbingu zao leo zimebaki na wekundu. Bluu ya ultramarini hustahimili.

Walimu wa sanaa,
Wete, Pemba