Huku kwetu vita viliisha Novemba 25

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu. Makala yenu ya kumbukumbu ya Vita vya Kwanza vya Dunia ilisema vilianza kwa risasi ya Sarajevo na vikaisha Novemba 11, 1918. Nimefundisha historia sekondari miaka 31, na maneno hayo hayo niliyaandika ubaoni mwaka baada ya mwaka, maana ndiyo yaliyokuwa yanatoka kwenye mtihani. Kwa hiyo kosa hili ni langu pia, na najisahihisha pamoja nanyi.

Risasi ilipigwa kweli. Gavrilo Princip, kijana wa miaka 19, alimuua mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria na mkewe Juni 28, 1914. Lakini makuti yalikwisha kukauka kabla ya kiberiti. Ujerumani na Uingereza zilikuwa zinashindana kuunda manowari. Ufaransa na Ujerumani nusura zipigane mara mbili kwa ajili ya Moroko, 1905 na 1911. Nchi za Balkani zilikuwa zimetoka vitani mwaka mmoja tu uliopita. Na kila mkubwa alikwisha kujifunga na mwenzake kwamba wewe ukipigwa nami naingia. Baada ya risasi ulipita mwezi mzima wa barua na vitisho. Julai 28 Austria-Hungaria ikatangaza vita dhidi ya Serbia, na ilipofika Agosti 4 Urusi, Ujerumani, Ufaransa, Ubelgiji na Uingereza zote zilikuwa ndani.

Siku nne baadaye manowari ya Uingereza ilikuwa inaupiga mizinga mnara wa redio hapa Dar es Salaam.

Hapo ndipo makala yenu iliporuka, kana kwamba vita vilifika huku vyenyewe kama mvua. Mkataba wa Berlin wa 1885, ule ule tunaoulaani kwa kuligawa bara, ulikuwa na vifungu vilivyowezesha makoloni ya ukanda huu yabaki nje ya ugomvi wa wenyewe Ulaya. Gavana wa Kijerumani, Heinrich Schnee, alitaka vitumike. Kamanda wake, Paul von Lettow-Vorbeck, hakutaka kusikia. Hesabu yake ilikuwa kuwavuta askari wengi wa Waingereza waje kuhangaika huku badala ya kwenda Ulaya. Waingereza nao walizitaka bandari zetu. Wazee wa Tanga na Taveta hakuna aliyewauliza.

Kila mwalimu anapenda kusimulia Tanga, nami nilipenda mno. Novemba 2, 1914 nahodha wa manowari ya Kiingereza aliingia kwanza kuwaarifu Wajerumani kwamba makubaliano ya kutoshambuliana yamefutwa. Mvamizi gani anayepiga hodi? Wajerumani wakapata muda wa kuleta askari kwa treni kutoka Moshi, na kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka India kikashindwa na watu wapatao 1,000, huku nyuki waliochokozwa na risasi wakimuuma yeyote waliyemkuta. Waingereza walipanda meli wakaacha bunduki za rashasha na risasi zaidi ya nusu milioni. Nikifika kwenye nyuki darasa zima linacheka, halafu kengele inalia.

Kwenye mizigo hatukufika, na mizigo ndiyo vita vyenyewe. Mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe wa jeshi, barabara za magari hazikuwapo, kwa hiyo kila kitu kilipanda kichwani mwa mtu. Piga hesabu hii ya darasa la tano: mpagazi amebeba unga kilo 25, mwenyewe anakula kilo moja kwa siku, na kambi ya mbele iko mwendo wa siku 10. Kwenda na kurudi ametumia kilo 20. Zinazomfikia askari ni kilo tano.

Ndiyo maana Waingereza peke yao walikusanya watu wanaokadiriwa kufikia milioni moja, wengi kwa nguvu, na zaidi ya 95,000 wakafa. Risasi iliwaua wachache. Wengine wote waliokufa waliuawa na kuhara damu, malaria na kichomi. Watu waliozoea ndizi walipewa mahindi yasiyoiva, na matumbo yao hayakuyaweza. Upande wa Wajerumani nako vijiji vilitolewa watu na chakula, na kule Ugogo njaa iliyofuata wakaipa jina lake, Mtunya.

Sasa tarehe. Novemba 11 mizinga iliponyamaza Ulaya, Lettow-Vorbeck alikuwa ndani ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, bado anapigana. Habari alizipata Novemba 13. Silaha alizikabidhi Mbala Novemba 25, akiwa na askari zaidi ya 1,100 na wapagazi wao. Aliyeanguka na mzigo katika siku hizo alifia kwenye vita ambavyo gazeti lenu limekwisha kuvifunga.

Wiki iliyopita nilikwenda kuitazama tena ile sanamu ya Askari pale mtaa wa Samora, iliyowekwa 1927. Muuza miwani alikuwa ameegemea ukingo, akanisogelea akidhani nataka kununua. Maandishi yanawataja wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, hilo sikatai. Ila aliyesimama juu ni mwenye bunduki na singe, na mwenye mzigo hayupo. Tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kumbukumbu yao kubwa hapa mjini ni Kariakoo, jina lililotokana na kikosi chao cha wapagazi, kwa Kiingereza Carrier Corps, na wengi wanaoshuka pale kila siku hawajui.

Ombi langu ni ukurasa mmoja kila Novemba 25, wasomaji walete majina ya wazee wao waliochukuliwa, yaandikwe tu, bila hotuba. Kwetu Korogwe kaka yake babu alichukuliwa na Waingereza 1917 akiwa shambani, na jirani ndiye aliyelirudisha jembe nyumbani. Ukurasa ukifunguliwa, jina lake nitalileta mwenyewe ofisini kwenu.

Mwalimu mstaafu,
Ilala, Dar es Salaam