Mwanangu, usinunue vijiko kabla sumaku haijakufikia

Mwanangu,

Shangazi yako kaniambia umetoa kianzio cha lile sanduku la vijiko vya rangi ya dhahabu, vipande 72. Usingizi umenipaa. Kama hujamaliza kulipa, ngoja.

Nenda na sumaku. Geuza kijiko usome mgongoni. 18/10 ni chuma cha pua chenye madini ya kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 10. 18/0, nikeli hamna, nayo nikeli ndiyo inayosaidia kuzuia kutu. Sumaku ikiking'ang'ania kijiko, hicho si 18/10, hata muuzaji aape. Kisu tu usikipime hivyo: chuma chake ni kigumu ili kishike makali, kwa hiyo hata kizuri hunaswa.

Kisha bonyeza shingo ya kijiko kwa dole gumba, kikipinda, kiache. Pitisha kidole katikati ya meno ya uma, pakikwaruza, rudisha. Na hiyo dhahabu ni ngozi ya juu tu. Ya bei rahisi huchubuka, na itachubukia midomoni mwa wageni wako.

Umepanga nyumba kwa mshahara wako mwenyewe, mtaa mzima nimeutangazia. Ndiyo maana inaniuma ukikimbilia king'aacho. Haraka hiyo unayo tangu utotoni. Vipande 72 vya nini, nanyi mko wawili? Chukua sita sita, vinavyouzwa kimoja kimoja, uje uongeze. Lakini sumaku kwanza.

Najua utaniuliza vile vya kabatini kwetu. Vilikuwa vizuri, vikawa vinangoja wageni, nanyi mkanywa uji kwa vya alumini vilivyopinda. Juzi nimevifungua. Vitatu vina vishimo. Niliwahi kuviloweka kwenye jiki usiku kucha, nikidhani navitakasa. Wewe vyako vitumie kila siku, uvioshe mapema, uvikaushe, na ule waya wa kusugulia masufuria usivigusishe.

Huku bati la jikoni linavuja tena upande wa mafiga. Baba yako goti limepoa, ila anaulizia sufuria yake kubwa, nami nimemwambia iko kwako. Mnazi wa uani tumeukata.

Vile tisa vizima nakuletea na basi la Ijumaa, ndani ya mfuko wa unga wa muhogo. Sumaku nimeifunga kwenye leso, ni ile ya spika ya redio iliyokufa. Kampokee kondakta stendi mapema, na dukani usiende kabla yake.

Mama yako