Kwa wanangu mnaolea vichanga: winda linataka maji na jua

Wanangu, wakaza wanangu na wajukuu zangu mliojifungua mwaka huu,

Nawaandikia nikiwa barazani kwangu Muheza, kitukuu changu cha majuma matano kimelala pembeni. Juzi mama yake alinunua pampasi mbili, zile zinazouzwa mojamoja dukani. Kwa kuzibania, akamlaza mtoto na moja tangu magharibi hadi alfajiri. Kulipokucha mapaja yalikuwa mekundu kama yamepakwa rangi. Akaniuliza kwa sauti ya kuchoka: bibi, siku hizi si aibu kumfunga mtoto winda, nepi ya kitambaa?

Si aibu, mwanangu. Hata kidogo.

Chukueni kanga kuukuu iliyofuliwa miaka mingi mpaka ikalainika. Mpya haishiki mkojo vizuri. Kanga moja hutoa vipande 6 vya kichanga, kwa hiyo doti nzima ni vipande 12. Mtoto mchanga hubadilishwa mara 8 hadi 12 kwa siku, basi doti moja ni ya siku moja. Mkipata doti mbili au tatu hamtakimbizana na jua.

Choo kikubwa kitoeni kwanza, mkimwage chooni. Si mtaroni, wala si shinani mwa mgomba. Bado nasikia watu wakisema mavi ya mtoto anayenyonya hayana neno. Yana neno! Yanaweza kubeba vijidudu vya kuharisha kama ya mtu mzima, kwa hiyo mkimaliza nawieni mikono kwa sabuni. Kisha lowekeni winda kwenye maji baridi. Ukianza na ya moto, doa linagandia. Ndoo ya kulowekea iwe na mfuniko na ikae juu, kwa sababu mtoto anayetambaa anaweza kuzama hata kwenye maji machache.

Fueni kwa sabuni ya mche, halafu suuzeni. Hapa ndipo wengi mnapokosea, nami nilikosea. Kwa mtoto wangu wa kwanza nilidhani povu jingi ndiyo usafi, na kwa kuwa maji tuliyachota mbali, nilisuuza mara moja tu. Sabuni iliyobaki ikikutana na mkojo humchoma mtoto. Suuzeni maji matatu, mpaka ukikamua kitambaa maji yatoke hayatelezi vidoleni. Kama maji mnanunua kwa ndoo, ya mwisho yawekeni, yatalowekea winda za kesho. Zile dawa za kulainisha na kunukisha nguo acheni kabisa, zinafanya kitambaa kisifyonze.

Sasa nisikilizeni vizuri kwenye kuanika.

Mwanangu wa pili alipokuwa na miezi mitatu, nilianika winda zake kivulini, chini ya mchungwa, nikiogopa kanga zisichuje. Baada ya siku chache akatoka vijipu viwili makalioni, kila kimoja na kitundu katikati. Nikasema ni joto. Mtoto halali. Mama mkwe wangu akamgeuza kwenye mwanga, akapaka mafuta mazito juu ya kitundu, akangoja. Punde kikachungulia kitu cheupe kutafuta hewa. Akaminya taratibu pande mbili, likatoka buu, nene kuliko punje ya mchele. Nililia kuliko mtoto.

Kuna nzi anayetaga kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au kutandazwa chini. Mayai huanguliwa, na mabuu hungoja ngozi ya mtu. Kwa hiyo anikeni juu ya kamba, kwenye jua kali, zikauke kabisa. Jua hilohilo linafifisha madoa. Msimu wa mvua mkilazimika kuanika ndani, pigeni pasi ya moto pande zote mbili, hasa kwenye mapindo. Na mkiona vijipu kama vile, nendeni zahanati, msiminye ovyo.

Vilevile, ile chupi ya plastiki ya juu mvalisheni safarini tu. Nyumbani mwacheni apate hewa, na kila siku alale kidogo bila kufungwa chochote. Wekundu usiopungua kwa siku tatu, au wenye usaha, au ulioambatana na homa, upelekeni zahanati.

Nanyi baba zao, kuchota maji na kuanika winda hakumpunguzii mtu chochote. Marehemu mume wangu alikuwa akianika kabla ya kwenda shamba, majirani wakiona.

Jumamosi asubuhi nitakuwa hapahapa barazani. Kila mmoja aje na kanga yake moja kuukuu na beseni. Mkasi ninao, na sindano za kupindia pia.

Bibi yenu