Tuambie jina la muchezo mbele ya kuuliza bei

Juma iliyopita kijana mmoja aliingia hapa Bukavu, kwenye atelye yetu ya kompyuta kule Essence, bila kusalimia mutu, akaweka mashini (kompyuta yake) juu ya meza, wakliyan wengine wako pale wanasikia, akasema: "Mulinidanganya. Muliniwekea Linux, mulikula dola zangu 15, na FC, ule muchezo wa mupira, haifunguki. Munirudishie franga."

Linux ni programu kubwa inayotembeza mashini pahali pa Windows. Huyo kijana ni wa tano kwa miezi michache tu. Basi naandika, juu nimechoka kueleza kitu kimoja kila siku na turnevisi mkononi.

Siku alileta ile mashini tulimuuliza sawa tunavyouliza kila mutu: utafanyia nini? Akasema masomo, intaneti, filme kidogo. Tuliandika kwenye karatasi na akasinye. Mupira hakutaja hata kidogo. Angesema tu "FC 25" ningemujibu palepale hapana, angerudi nyumbani na dola zake 15 na mie ningerudilia kazi yangu. Shida yetu njo hiyo, mutu anaingia, neno la kwanza "ni bei gani?", la pili "punguza", na la tatu yuko anatoka.

Najua kwa nini watu wanakuja kuomba Linux siku hizi. Microsoft ilifunga matunzo ya Windows 10 tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 2025, na Windows 11 inakataa mashini nyingi za okazyo ambazo tunazo hapa, inataka TPM 2.0 (kachipu ka usalama) na prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8. Ya huyu kijana ni i7 ya kizazi cha 7 na karti ya picha GTX 1060, mashini yenye nguvu kabisa, lakini Windows 11 inaiangalia sawa mugonjwa. Kwa hiyo Linux ni jibu zuri, mimi mwenyewe njo natumia tangu miaka. Ila jirani akikuambia "kwa Linux siku hizi michezo yote inatembea", jirani amekuambia nusu.

Nusu yenyewe ni ya kweli. Wine, programu ya kufungulia vitu vya Windows ndani ya Linux, ilianza 1993 na kwa miaka mingi ilikuwa kazi ya kuumiza kichwa, unapiga usiku muzima muchezo unafunguka bila sauti. Kiisha mwaka 2018 Valve, wale wenye Steam, duka la michezo la intaneti, wakatoa Proton ambayo imejengwa juu ya Wine, na mwaka 2022 wakauza Steam Deck, kamashini ka mkononi kanakotembea na Linux. Tangu pale mambo yalibadilika kabisa. Kuko michezo iliyoandikwa kwa Linux yenyewe, Counter-Strike 2, Dota 2, Euro Truck Simulator 2, na kuko maelfu ya Windows ambayo Proton inafungua bila mutu kugusa kitu.

Namna inavyofanya, waza kanisani siku ya yenga. Pasta mugeni anahubiri Kifaransa na pembeni yake kuko mutu anatafsiri Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Muchezo njo pasta, haijui Linux hata kidogo, Proton inasimama pembeni inatafsiri. Picha nazo zinatafsiriwa, kakipande kanaitwa DXVK kanachukua maneno ya Direct3D, luga ya picha ya Windows, kanayapeleka kwa Vulkan, ambayo Linux inaelewa. Mutafsiri akiwa muzuri, waumini wanasikia mahubiri bila kujua yalipitia mudomo mwingine.

Sasa kuko pasta anasema: mimi sihubiri kama kuko mutafsiri. Hiyo njo antichiti. Ni programu ya kuchunguza kama hauibe kwenye muchezo, na zingine zinataka kuingia mpaka kwenye keneli, chumba cha ndani kabisa cha Windows. Kwa Linux kile chumba hakiko, basi inafunga mulango. Mupira wa EA (njo ile FC, zamani FIFA) iko na antichiti yake tangu FIFA 23. Valorant hivyo hivyo, Fortnite hivyo hivyo. Apex Legends ilikuwa inatembea vizuri kwa Linux, watu wanafurahi, tarehe 31 mwezi wa 10 mwaka 2024 wakaifunga. GTA V unacheza hadithi yake bila shida, ila ukitaka Online tangu mwezi wa 9 mwaka 2024 waliweka antichiti BattlEye na kwa Linux haikubali. Na kinachouma ni kwamba BattlEye na Easy Anti-Cheat zinaweza kutembea na Proton tangu 2021, inabaki tu mwenye muchezo akubali, na wengine hawataki. Hapo fundi wa Bukavu atafanya nini? Hata ukimulipa dola 100. Atakayekuambia anaweza, mukimbie.

Kitu cha pili ni karti ya picha. Mama mmoja wa Kadutu alileta mashini ya mutoto wake, ya 2012 hivi, karti Intel HD 4000 ndani, mutoto ameandika michezo 11 kwenye karatasi ya daftari. Tulisoma ile karatasi pamoja na mama. DXVK ya sasa inataka Vulkan 1.3 na ile karti haifiki huko. Michezo miwili ya zamani ilipita kwa njia ingine ya picha, OpenGL, tukamuwekea na PPSSPP, programu ya kuchezea michezo ya PSP, tukalipisha nusu bei. Mutoto hakufurahi lakini mama alitushukuru, na ameshatuletea wakliyan wawili. Mama hakuogopa kusema batoto wanacheza, wengine wanaona haya sijui ya nini.

Haya, sasa njia za mukato, juu hizi njo zinatuletea kazi mingi.

Mwanafunzi mmoja alikuwa anamaliza TFC yake, kazi ya kuandika ya mwisho wa masomo. Tulimuwekea Linux safi. Akachukua kwa rafiki flashi yenye muchezo wa kuvunjwa ili usilipiwe, setapu yake haikufunguka, akaangalia video moja inasema uandike sudo, neno la kupewa nguvu zote za mashini, mbele ya wine. Akaandika. Kwanza, tangu pale Wine ikawa inamukatalia yeye mwenyewe, inasema foda si yake, juu sudo ilifanya kila kitu kiwe cha muzee mukubwa wa mashini. Lakini hiyo ilikuwa dogo. Ndani ya ile setapu mulikuwa virusi, na watu wanaamini Linux haina virusi kwa hiyo hawaogopi. Wine kwa kawaida inaonyesha diski yako nzima kwa jina la Z, kwa hiyo programu mubaya ya Windows ikifunguka ndani ya Wine inaona mafaili yako sawa wewe unavyoyaona, na ukiifungua na sudo umeipa funguo za nyumba yote. Sura tatu za TFC zilifungwa, hazikufunguka tena. Tulipata kopi ya mwezi wa nyuma kwenye imeli aliyomutumia direktere wake. Muchezo wenyewe kwa Steam ulikuwa chini ya dola 10.

Mwingine ni papa mwenye sale ya michezo kule Panzi, mashini sita. Sisi tulimuambia dola 25 kwa moja, akaona tunaiba, akapata fundi wa dola 8. Huyo fundi akaweka Linux pembeni ya Windows na akaacha michezo yote kwenye diski ya upande wa Windows, Steam ya Linux isomee kule kule. Inaonekana ni akili nzuri, unapunguza nafasi inayotumika. Ila Windows ukiizima haifi kabisa, inalala jicho moja wazi, na Linux ikikuta hivyo inafungua ile diski kwa kusoma tu, muchezo unakataa kuanza. Na Proton nayo inaandikaka mule vitu vyenye nukta mbili kwenye jina, Windows haipendi. Umeme ukakatika saa mbili ya usiku, batoto wako wanacheza, kurudi Windows ikasema inachunguza diski, ikakuta yale majina ikayaona sawa uchafu. Asubuhi mashini nne kati ya sita hazikufungua muchezo hata moja. Alianza kudaunlodi upya, zaidi ya giga 200 zote pamoja, na mega alinunua mwenyewe. Alipokuja kwetu sikumuuliza kitu, nilitia chai tu.

Dola 25 zetu za mashini ya michezo ziko na nini ndani? Tunasoma orodha yako muchezo kwa muchezo, tunaangalia kwenye saiti ya ProtonDB watu wenye karti sawa yako wanasema nini, tunatenga diski kwa ext4, mupango wa diski wa Linux yenyewe, draiva ya karti Nvidia tunaijaribu mashini ikiwa imepata moto kweli, siyo dakika mbili. Tunazima ile kazi ya Steam ya kudaunlodi mbele shada (tuprogramu twa kuchora picha za muchezo), juu inakula mega kila siku bila wewe kujua. Muchezo utakwamakwama kidogo mara ya kwanza kiisha utazoea. Muchezo ulionunua kwa akaunti yako, kama tunao kwenye diski yetu tunakukopia, Steam inachunguza tu na kuchukua kilichopungua. Mega unazobakisha hapo peke yake, bei yake mara mingi inazidi ile tunayokulipisha. Na tunakaa na mashini yako siku mbili, siyo juu sisi ni wapole, ni juu umeme unakuja inapotaka na betri zetu zina kikomo.

Ule kijana wa FC? Franga hatukurudisha, juu kazi aliyoomba ilifanyika. Tulimuambia anunue SSD ndogo, diski ingine, tukaweka Windows 10 juu yake peke yake kwa ajili ya mupira, Linux ikabaki kwenye diski yake, hazigusane. Tukamuambia pia ile Windows haipati matunzo tena, asifungulie mule imeli wala pesa. Kazi hiyo tulimufanyia dola 5. Hajatusalimia bado, lakini mudogo wake alikuja jana kuuliza kama Euro Truck inakubali volani.

Inakubali. Mulete orodha kwenye karatasi, ao WhatsApp, majina kamili na mwaka, siyo "ile ya mupira". Na mulete chaja, tafadhali. Hapa nyuma yangu kuko mashini tatu zinalala tangu Jumatatu juu wenyewe walileta mashini tu.